Mahubiri Mawili ya Mchungaji Kihara

Mwerevu akijingika, mjinga yuko mashakani. Wahenga walisema kinyume, labda kwa sababu hawakuwahi kuona kamati ya ujenzi ya kanisa.

Kanisa letu liko nje kidogo ya Tawa, ukingoni mwa mto ambao una maji siku chache tu kwa mwaka. Siku nyingine zote maji hujificha chini ya mchanga. Unachimba mpaka kwenye kiwiko, unangoja, unachota. Hivyo ndivyo tumeishi. Kisha Mzee Mulinge, mwenyekiti wa kamati, akaangalia mto akaona mchanga umelala bure. Tuuze, akasema, malori yazoe, na sisi tujenge kanisa la mawe juu ya mwamba kama Wakristo wenye akili.

Akina mama wakaguna. Ndipo Mulinge akamwalika Mchungaji Kihara kutoka Makindu aje kuwalainisha kabla ya waumini kulipigia kura jambo hilo. Kihara ana sauti ya kutikisa mabati, lakini Kikamba chake huishia kwenye salamu. Kwa hivyo nikaitwa nitafsiri. Nina diploma ya uandishi wa habari, na ulimi ambao mama husema ungenipatia mume kama ungekuwa mfupi kidogo.

"Kalekye," Mulinge akaniambia mlangoni, "leo ni kutafsiri tu. Usitupikie."

"Mzee, na nikipika mnakulanga."

Mchungaji akaanza na wale wajenzi wawili. Mwenye hekima akajenga juu ya mwamba, nikatafsiri. Mpumbavu akajenga juu ya mchanga, nikatafsiri.

"Sasa, watu wa Mungu, mchanga ni wa nini?" akanguruma. "Mwachieni mpumbavu. Leo toeni mchanga, mpokee mwamba."

Hapo nikamwangalia mama, benchi la mbele, na ule mstari ambao kamba ya mtungi imemchora kwenye paji la uso. Nikasema kwa Kikamba:

"Mchungaji anauliza, kati ya hao wawili ni nani aliyekunywa maji? Wa mwambani ana nyumba nzuri sana. Sasa hivi ametoka humo na mtungi, anateremka kwa yule mpumbavu kuomba."

Kanisa likacheka. Mchungaji akadhani ni furaha ya wokovu, akapandisha sauti. "Mwambieni shetani ameshindwa. Malori yako njiani."

"Mchungaji anasema malori yakishazoa, mvua itapita hapa mbio kama mgeni aliyenyimwa chai."

"Ameni," wakaitikia, na wazee wakagonga fimbo sakafuni. Mulinge alikohoa mpaka nikamhurumia. Lakini kwetu mtu hakatizi mahubiri, hata yakienda mahali pabaya. Mchungaji akafuta jasho. "Wanaotaka mwamba, inueni mikono."

"Wanaotaka mchanga ubaki, inueni mikono," nikatafsiri.

Mikono ikasimama kama mtama wa mwaka mzuri. Mchungaji akamgeukia Mulinge, uso uking'aa, ampongeze. Mulinge alikuwa amekwisha kusimama.

"Mchungaji, huyu msichana amekudanganya. Amewadanganya watu wote hawa."

Ndipo mama akasimama, akajitanda leso begani, akasema kwa Kiswahili safi cha sokoni:

"Mchungaji, pole. Sisi Kiswahili tunasikia. Wewe tulikusikia, na yeye tukamsikia. Kwani kule sokoni tunauziana kwa lugha gani?"

"Kumbe mnanielewa?" Kihara akauliza.

"Kila neno."

"Sasa kutafsiri ni kwa nini?"

"Ni heshima tu," mzee Muthama akajibu kutoka nyuma. "Mgeni hahubiri peke yake."

Mchungaji akaketi polepole. Mtu mmoja tu ndani ya kanisa lile hakujua yaliyohubiriwa, naye ndiye aliyeyahubiri. Kisha akauliza kwa sauti ndogo, sauti nzuri kuliko ile kubwa: "Na nimehubiri nini?"

Mama akamwambia yote. Alisikiliza akitazama kiatu chake. Kura haikurudiwa. Lori la kwanza lilipofika jioni, akina mama walikuwa wamekaa njiani wakichambua mbaazi, na dereva akageuza.

Jumatano wazee wa kanisa wakaniita. Kuna hekima ya Mungu na kuna hekima ya dunia, Mulinge akanifundisha, na mimi nimemwaibisha mtumishi. Jumapili nisimame mbele ya watu niombe msamaha. La sivyo nisiguse tena kipaza sauti.

"Kihara mwenyewe amelalamika?" nikauliza.

"Yeye amenyamaza. Ameokoka sana."

"Basi tunyamaze pamoja naye."

"Kalekye, mwanangu, ni neno moja tu. Sema umekosa, yaishe," Mulinge akabembeleza.

Nikamwangalia Mulinge, nikawaangalia na wenzake, watu wazima wenye suti na Biblia, ambao asubuhi hiyo wote walikunywa uji uliopikwa kwa maji ya mto ule.

"Sikukosa," nikasema. "Siombi msamaha."