Anayekaribisha Huonja Kwanza

Vénérande alikuwa anachuja pombe ya mtama nyumbani kwake Katumba, nje ya Mpanda, gari la mheshimiwa lilipoingia uani na kukanyaga mihogo yake iliyoanikwa. Akakaza kitenge, akaenda kupokea wageni. Mama yule hakuwa mtu wa kubabaika, ng'o.

Mheshimiwa alikuja kuona mlango. Tangu vita ya Burundi ipambe moto, mlango wa nyuma wa jiko la Vénérande ulikuwa unafungukia kwao Makamba, ng'ambo ya mpaka, uani kwa marehemu mama yake. Majirani walishazoea. Wakimwona katoka na mkungu wa ndizi wenye umande, walimuuliza tu huko wameamkaje.

Bondeni, chini ya ua ule, alijificha mdogo wake Joséline na wanawe, na njiani palikaa watu wenye bunduki. Ndiyo maana Vénérande alikuwa akiwasubiri wakubwa. Ilisemekana wangekaa kikao kuamua kama majeshi yavuke mpaka, na mheshimiwa huyu ndiye aliyesikilizwa kuliko wote. Kwenye mkutano wa hadhara asubuhi alikuwa ameahidi kupeleka vijana vitani, akapigiwa makofi.

Akakalishwa. Vénérande akachomeka mrija chunguni, akavuta funda moja mbele ya macho ya mgeni, kama ilivyo desturi, kuonyesha haina sumu. Ndipo akampa mgeni mrija mwingine. Mheshimiwa akanywa, akasifu.

Kisha mama akafungua mlango. Upande wa pili mvua ilikuwa inanyesha, na moshi ulipanda kutoka bondeni. Mheshimiwa akapima upana kwa mikono, akasema wanajeshi watalazimika kupita mmoja mmoja.

"Karibu upite, uone mwenyewe," akasema Vénérande.

"Mama, huko hatujui kuna nini."

"Hata pombe hukujua ina nini, baba, nikaonja mbele yako. Wewe unayewakaribisha watoto wa watu vitani, onja kwanza."

Mheshimiwa akatazama viatu vyake. Akasema suala litaangaliwa kwa mapana yake.

Basi Vénérande akapita yeye. Gaspar, mwenyekiti wa kijiji aliyekuja na msafara, akavua kofia na kumwambia mgeni, kifua mbele, "Huyo ni wa kwetu." Mgeni alikuwa anaelekea garini.

Mama alirudi kalowa chapachapa, kamshika mkono Joséline, mwenye mtoto mgongoni. Mtoto mkubwa hakuwepo. Alikuwa ametoka kuchota maji, hakurudi. Majirani wakaleta khanga kavu na uji.

Jioni redio ikatangaza kwamba viongozi wanaifuatilia hali ya Burundi kwa karibu. Pale jikoni, Burundi ilikuwa hatua moja kutoka kwenye mafiga.

Vénérande akauosha mrija wa mheshimiwa, akauchomeka kwenye nyasi za paa, mwenyewe akirudi aukute. Kisha akamuuliza Joséline mtoto alivaa shati la rangi gani, akakaza kitenge, akafungua mlango.