Umwambie Mukwe

Kwa miaka kumi na tisa Mama Élisabeth hakuwahi kumpa mkono mume wa binti yake. Hawakuwa na ugomvi. Ndivyo alivyolelewa kule Lubarika: mkwe wa kiume huonewa haya, na haya hiyo ndiyo heshima yake. Wakikutana njiani pale Kavimvira walikoishi, mmoja aliingia kwenye majani na mwingine akapita akiangalia chini. Cyprien alipokuja kusalimia, mama alikaa nyuma ya pazia la jikoni, na maneno yakapitia kwa binti, Victoire, ingawa wote watatu walisikiana vizuri.

"Umwambie mukwe kiti iko hapo."

"Umwambie mama asante, nimekiona."

"Umwambie mukwe iko anakonda. Weye haumupikii?"

"Minye nimekuwa simu yenu," Victoire alisema siku moja. "Angalieni, rezo itakatika."

Nyuma ya pazia mama alicheka, na huku nje Cyprien akacheka, kila mmoja upande wake.

Ndiyo maana Jumapili ile watu waliacha kutafuna. Walikuwa wamekaa uani baada ya misa. Evariste, kaka mkubwa, alikuwa ameshuka kutoka Lubarika na mchele mpya, na Luc, kitinda mimba aliyebaki kuishi na mama, alikuwa ameenda kutafuta makaa. Cyprien alipita karibu na mkeka akielekea mlangoni. Mama Élisabeth akanyoosha mkono, akamkamata shati, akapapasa kola, akamvuta hadi akakaa. Kisha akakata tonge la bugali, akalichovya kwenye mchuzi wa ndagala, akamtia mdomoni.

"Kula, mutoto wangu. Tangu asubuhi haujaweka kitu tumboni."

Cyprien alikaa na tonge mdomoni kama mtu aliyepewa siri asiyoitaka. Kulitema kungekuwa tusi. Akameza. Akaondoka.

Evariste akaosha mikono kabla hajashiba. Alimvuta Victoire nyuma ya nyumba.

"Umeona mwenyewe. Kichwa ya mama imeisha."

"Usiseme vile, kaka."

"Niseme namna gani? Mwezi uliopita alisalimia koti kwenye msumari. Akatia chumvi katika chai. Kanisani haimbi tena, maharage hachambui tena, anauliza neno moja mara tatu. Na leo amemulisha mukwe kwa mkono wake. Jumamosi ninamupeleka Lubarika. Tutamuwekea chumba ya ndani, asitoke akapotea kwenye mashamba ya mupunga."

Evariste hakusema kwa ukali. Macho yake yalikuwa mekundu. Lakini Victoire alikijua chumba cha ndani. Shangazi yao alikalishwa humo. Watu walimletea chakula na kuongea juu ya kichwa chake kana kwamba ni kabati, na mwaka haukuisha kabla hajasahau jina lake mwenyewe. Kilichomuumiza Victoire zaidi ni shaka moja. Huenda kaka alisema kweli.

Jioni Cyprien aliketi kwenye cherehani yake. Yeye ni fundi wa nguo, na akiwa na neno zito hulishona kwanza. Alimaliza pindo lote la sketi ndipo akasema:

"Hakunishika minye. Alishika kola."

"Ni nini hiyo?"

"Alianza na mukono wa shati, akaenda kwa kola, ndipo akaniita mutoto wake. Shati ile nilikata kitambaa kimoja, yangu na ya Luc, ile ya jubilei ya kanisa. Kola ni moja." Aligeuza gurudumu polepole. "Mutu mwenye kupoteza kichwa hatafuti alama, Victoire. Mama iko anatafuta alama."

Asubuhi, Luc alipokwisha kwenda kazini, Victoire alivaa shati lile la jubilei la mumewe, akasimama mlangoni kwa mama yake, akanyamaza.

"Luc? Umerudi? Umesahau nini?"

Victoire akasogea hadi wakabaki hatua mbili. Mama alikuwa anamwangalia usoni kabisa, na uso wake ulikuwa umejaa upendo ule anaompa Luc peke yake, kwa kuwa ni wa mwisho.

"Mbona haujibu?"

"Mama, ni minye."

Mama Élisabeth alishusha macho hadi kwenye shati. Kisha akasema, "Na kwa nini umevaa shati ya Luc? Zako zote ziko kwenye kamba?"

Victoire alitaka kucheka, machozi yakatangulia. Akaketi chini, kichwa kwenye magoti ya mama. "Haunioni?"

"Ninaona muntu. Ninaona kama kupitia moshi ya kuni mbichi. Muntu gani, mpaka aseme, ao nijue nguo yake."

"Tangu lini?"

"Mvua ya mwaka jana. Ao ya mwaka juzi."

"Na haukusema."

Mkono wa mama ulikuwa unapapasa nywele zake, ukihesabu mistari ya msuko. "Mutu akisema haoni, kwanza wanamupokonya kisu. Kisha sufuria. Kisha wanamupokonya na neno. Nikasema, afazali wadhani ninasahau kidogo. Muzee mwenye kusahau wanamuchekea tu." Akapumua. "Lakini sasa, mwanangu, mambo mengine ninasahau kweli. Hiyo ndiyo inaniogopesha. Nikikaa humu ndani siku zote zinafanana. Nitazitenganisha na nini?"

Victoire hakuweza kuficha lililobaki. "Mama, yule wa jana uliyemulisha hakuwa Luc."

"Alikuwa nani?"

"Cyprien."

Mama akavuta kikwembe chake hadi machoni. Kuku aliingia, akatembea nyumba nzima, akatoka.

"Alimeza?" akauliza kutoka ndani ya kitambaa.

"Alimeza."

"Umwambie mukwe… Hapana. Usimwambie kitu."

Hospitalini daktari alimulika jicho moja, akamulika la pili. "Ni kataraki, yote mawili. Ndugu zetu wa ng'ambo ya ziwa wanaiita mtoto wa jicho."

"Nilizaa saba," mama akasema. "Huyu wa nane alikuja bila kuitwa."

Daktari alicheka, kisha akamgeukia Victoire. "Sitawadanganya. Jicho likifungwa, kichwa kinakosa kazi. Kikikosa kazi siku nyingi, kinasinzia. Kuna wazee tunawafungua macho na kichwa kinaamka. Kuna wengine kichwa kilikuwa kimeshaanza safari yake, kinaamka nusu. Siwezi kujua kabla ya kumpasua."

Evariste alikubali kungoja, kwa sharti lake. "Akishapasuliwa, siku ya kufungua kitambaa nitakuja. Akitujua, atabaki kwenu. Asipotujua, ninaondoka naye kutoka pale pale hospitalini." Akaja kweli, na begi la mama tayari mkononi, nguo zake zimekunjwa ndani.

Cyprien naye alikuja, akasimama mbali karibu na ukuta na thermos ya uji, kama inavyompasa mkwe. Alikuwa amevaa koti la kazini, lisilofanana na nguo ya mtu yeyote nyumbani. Karani akamwita Victoire kutia sahihi kwenye karatasi, na aliporudi mlangoni alikuta muuguzi ameshika ncha ya kitambaa machoni pa mama.

"Mutoto wake akuje mbele, aone sura anayoijua," muuguzi alisema. Evariste alikuwa bado anatafuta pa kuweka begi. Muuguzi akamvuta Cyprien kwa kiwiko. "Weye, karibia. Unaogopa nini? Karibia, usiseme kitu."

Victoire alichelewa kupiga kelele. Kitambaa kilikuwa kimeshaanguka.

Mama Élisabeth alipepesa macho. Machozi yalimtiririka, akayapangusa, akaangalia tena. Cyprien alisimama mbele yake, hatua moja tu, thermos kifuani. Mama alimwangalia kwa muda wa kusema Salamu Maria moja. Kisha akakamata kikwembe chake kwa mikono miwili, akajifunika uso wote, akageukia ukuta.

Muuguzi akashtuka. "Mama? Inauma? Hauoni?"

Evariste akafumba macho. "Nilisema. Kichwa imeisha."

Lakini Victoire alikuwa ameegemea mlango anacheka na kulia pamoja, na Cyprien alikuwa ameshageuka kuangalia chini, ameingia kwenye majani yake, uso unang'aa kama wa bwana arusi.

"Victoire uko hapo?" sauti ikatoka ndani ya kitambaa.

"Niko hapa, mama."

"Umwambie mukwe iko na mvi. Tangu lini amezeeka hivi, na hamukuniambia?"

Evariste aliketi kwenye kitanda cha jirani na begi mapajani. Baadaye kidogo akalifungua, akatoa sweta ya mama, akaenda kumfunika mabega.

Mama aliishi miaka minne tena. Daktari alikuwa amesema kweli, si kila kitu kilirudi. Aliuliza siku ya soko mara mbili, na majina ya wajukuu yalimchanganya. Lakini alirudia kuchambua maharage barazani, akimtambua kila apitaye njiani na kumpa maneno yake, na kanisani aliimba beti zote, hata zile ambazo kwaya iliziruka makusudi. Kwenye chumba cha ndani cha Lubarika Evariste aliweka mchele.

Siku ya kumzika Cyprien alisimama nyuma ya watu wote, mahali pa mkwe. Udongo ulipokwisha kulazwa na watu kuanza kutawanyika, alimsogelea mke wake, macho chini.

"Umwambie mama," akasema, "ile tonge ya Jumapili ilikuwa tamu."

Victoire akarudi hatua chache hadi kaburini, akainama, akamfikishia.