Mtoto wa Sweta, Mtoto wa Lami

Siku Jean-Berchmans alipochukuliwa, chai yake ilibaki nusu kikombe, na ndani ya chai ulisimama uzi mweusi, mfupi kama njiti ya kiberiti. Ilikuwa Ijumaa ya kwanza ya Oktoba, mwaka wa tisini. Wenye bunduki walibisha mara moja tu. Alimwambia mkewe, "Usiimwage, narudi kuimalizia," akavaa viatu pasipo kuvifunga, akatoka nao. Mukandekezi aliitunza chai ile hadi ikaota ukungu. Uzi aliuosha, akauweka pamoja na wenzake wawili ndani ya kikapu kidogo chenye kifuniko cha kuchongoka, kazi ya mikono yake mwenyewe. Tangu hapo hakulitaja jina la mumewe mbele ya watu kwa miaka minne.

Jean-Berchmans alikuwa fundi wa miguu ya bandia katika karakana ya Remera, mtaa wa Kigali. Alipelekwa Ubelgiji kusomea kazi hiyo kwa miezi sita. Wenzake waliotoka huko walirudi na redio. Yeye alirudi na koti moja na nyuzi za kaboni za aina tatu. Mkewe alipokaa kusuka vikapu, yeye alikaa pembeni akimsimulia nyuzi hizo zilivyozaliwa, kama mtu anayehesabu ukoo wake.

"Huu ni mtoto wa sweta," alikuwa akisema. "Ulianza mweupe, uzi wa kiwandani kama wa hilo sweta lako. Wakaupitisha kwenye tanuri lenye hewa, huku umevutwa, ukawa wa manjano, kahawia, mweusi. Kisha wakautia kwenye tanuri la pili, kali zaidi, lisilo na hewa hata chembe."

"Kama wachoma makaa wanavyofunika kuni kwa udongo."

"Ndivyo hasa! Hewa ikipenya, unavuna majivu. Ukiizuia, kinabaki kiini."

"Na wasipouvuta?"

"Unajikunja kama unyoya wa mbuzi motoni. Nguvu yake ni kule kuvutwa, mke wangu. Kwa tulivyovutwa na maisha, wewe na mimi tungekuwa chuma."

Wa pili ulikuwa mtoto wa mti, uliotokana na rojo la mbao. Tanuri liliula hadi ukabaki robo ya ulivyokuwa. Ulistahimili moto, lakini mzigo ulikuwa si kazi yake. Wa tatu ulikuwa mtoto wa lami. Mashapo ya mafuta, yaani lami, yaliyeyushwa, yakavutwa membamba kama asali inayotiririka kijikoni, kisha yakapikwa kwa joto ambalo lingeyeyusha sufuria zote za Kigali. Huo ulikuwa mgumu kupita wote, na Jean-Berchmans hakuupenda kwa kazi yake.

"Usiutie mguuni kamwe," alisema. "Hauinami. Na siku ukichoka, hauagi."

Asubuhi ile ya Ijumaa alikuwa akimwonyesha jinsi ya kuutambua. Alichovya ncha moja ndani ya chai ya moto, akamwambia ashike ile nyingine. Mukandekezi aliungua, akaurusha mkono nyuma, naye mumewe akacheka. Alikuwa bado anacheka mlango ulipobishwa.

Novemba ya tisini na nne, mauaji yalipokwisha, karakana ile ilifunguliwa upya. Kati ya watu saba waliokuwa wakifanya kazi humo zamani, hakurudi hata mmoja. Mkuu mpya aliitwa Bayingana, Mnyarwanda aliyekulia Kampala, mpole lakini mtu wa haraka. Fundi wake, Bertrand, alikulia Bujumbura, na mdomo wake haukujua likizo. Walimwajiri Mukandekezi kushona mikanda ya ngozi. Hawakumwuliza ni mjane wa nani. Mwaka ule swali hilo halikuulizwa.

Darini walikuta majora mawili ya kitambaa cheusi cha kaboni. Yalifanana kama mapacha, na karatasi zake za maelezo zilikuwa zimepotea kwenye uporaji. Bayingana akamimina gundi juu ya vipande vya kila jora, akasubiri vikauke, kisha akavikandamiza kwa goti.

"Hiki kinapinda," alisema. "Hiki kinakataa. Mguu wa Natacha tutautengeneza kwa hiki kinachokataa."

Natacha alikuwa na miaka kumi. Alikanyaga bomu la ardhini akienda kuchota maji. Alikuwa ameketi kwenye benchi, kisigino cha mguu uliobaki kikigonga ubao.

"Nitaruka kamba?" aliuliza.

"Utaruka mpaka mama yako achoke kuhesabu," Bayingana alijibu, akaifungua gundi iliyosalia. Ilitosha mguu mmoja tu.

Sindano ya Mukandekezi ilisimama ndani ya ngozi. Toka utotoni alijua kwamba ukangaga mkavu wa kusukia vikapu ndio mgumu, na ndio unaovunjika mkononi mwa msusi. Akanyanyuka.

"Patron, usiimimine."

Bertrand akacheka. "Ee maman! Hii si kapu ya harusi. Hii iko kazi ya mashine."

"Kapu la harusi likivunjika, bibi harusi haanguki," Mukandekezi akamjibu. "Niletee chai. Ya moto."

Bayingana alitazama saa yake, kisha akamtazama yule mama. Akaiweka gundi chini.

Mukandekezi akachomoa kishada cha nyuzi katika kila jora, akavikata vifupi. Kimoja akampa Bertrand, kingine Bayingana. "Chovyeni ncha. Shikeni hapa, karibu na chai."

Bertrand alishika, akatabasamu. "Baridi."

Bayingana aliachia ghafla, akatia kidole mdomoni. "Kinaunguza!"

"Huyo ni mtoto wa lami. Moto unapita ndani yake kama mgeni aliyezoea nyumba. Sasa vifungeni fundo."

Kishada cha Bertrand kilijifunga taratibu. Cha Bayingana kilikatika kwa sauti ya nyasi kavu, na vumbi jeusi likaanguka mezani. Natacha akanyoosha kidole kuligusa. Bayingana alikitazama kile kipande kilichokataa goti lake, akakisukuma mbali na mtoto.

"Karatasi zimepotea," alisema polepole. "Umejuaje, mama?"

"Karatasi ziliibwa. Vidole havikuibwa." Akavuta pumzi, na jina likatoka kinywani mwake likiwa zima, kana kwamba miaka yote minne lilikuwa kwenye tanuri lisilo na hewa. "Alinifundisha Jean-Berchmans, mume wangu. Meza hiyo unayoiegemea, aliitengeneza yeye."

Bayingana aliondoa kiwiko chake juu ya meza. Bertrand alivuta kiti, akakipangusa vumbi kwa ajili ya Mukandekezi. Lakini yeye hakuketi. Aliomba kalamu, akaandika kwenye utepe mweupe *Sweta*, kwenye mwingine *Lami*, akazishona kwenye majora kwa mishono midogo ya msusi, kichwa chake kikiwa juu. Kisha akaketi kumalizia mkanda wa Natacha.

Siku hizi kila jora linalofika karakanani huanzia kwenye kikombe chake cha chai. Natacha atarudi Februari. Mguu wake wa sweta lazima ubadilishwe, kwa sababu anakua.