Pofu Aliyevaa Ngozi ya Ndama

Mzee nisiyemfahamu aliingia uani kwangu Karatu asubuhi, akimswaga punda. Juu ya punda alikuwa amefungwa ndama wa pofu, yule swala mkubwa wa porini, macho yamemtoka kwa woga.

"Wewe ndiye bwana nyama?"

"Ndimi, mzee."

"Mbona wewe mtoto hivi?" Akacheka. "Naitwa Metui, natoka Ngorongoro. Mama wa huyu ndama kafa kwenye waya wa majangili. Nilishindwa kumwacha. Pofu ni kama ng'ombe tu."

Kilikuwa kiangazi cha 1981, mwaka wangu wa kwanza kazini idara ya wanyamapori baada ya chuo. Maziwa ya kopo hayakuonekana dukani tangu Pasaka. Nilikimbilia kwa jirani yangu, Mama Marsela. Ng'ombe wake alikuwa amefiwa na ndama siku hiyo na alikataa kukamuliwa.

Mzee Metui aliomba kisu. Alimchuna ndama aliyekufa, akaipaka ngozi chumvi, akamfunga nayo pofu mgongoni. Ng'ombe alinusa. Akanusa tena, akaanza kulamba. Maziwa yakashuka.

"Haya, ng'ombe wangu sasa ananyonyesha mtoto wa serikali," alisema Mama Marsela. Kisha akanigeukia. "Mchukue ng'ombe ukae naye kwako. Lakini sikiliza, Clemensi. Mwanangu Antonia atajifungua mwezi ujao mwishoni. Siku hiyo maziwa yote ni yake. Kwa kiangazi hiki hayatoshi wawili."

"Siku hiyo hiyo nitamrudisha, mama. Naahidi."

Nilihesabu wiki sita. Zingetosha pofu kuzoea majani.

Siku ya kumi na nane Sylvesta, mlinzi wetu, alifika na habari: Antonia amejifungua kabla ya wakati. Mtoto mzima, lakini mama amepoteza damu nyingi, hana hata nguvu ya kuketi. Mama Marsela hakutuma mtu kudai ng'ombe.

Pofu ndiyo kwanza alikuwa ameanza kuonja majani. Chupa aliitema kila nilipojaribu. Siku mbili tatu tu, nilijiambia. Nani atanilaumu?

Hata hivyo nikafungua mafundo, nikamvua pofu ngozi, kwa kuwa bila hiyo ng'ombe asingekubali kukamuliwa. Pofu alikwenda kunyonya. Ng'ombe alimnusa mgongo, akampiga teke. Pofu alirudi, akapigwa tena. Nikamfungia zizini, nikamswaga ng'ombe hadi kwa jirani, ngozi begani. Nilimsikia pofu akilia mpaka nilipopinda kona.

Mama Marsela alikuwa mlangoni. "Na mwanao?"

"Asubuhi ametafuna majani kidogo."

"Clemensi! Ungekaa na ng'ombe hata wiki."

"Nilisema siku hiyo hiyo, mama."

Akaichukua ngozi, akaitandaza mbele ya ng'ombe, akachuchumaa na kibuyu chake. Kikombe cha kwanza nilikipeleka mwenyewe hadi mlangoni kwa Antonia.