Chaki ya Buluu Jikoni

Nesi alistaafu mwezi wa kwanza, na kufikia mwezi wa tano alikuwa ameshapanga upya kabati la vyombo mara tatu na kuwachosha wanawe wote kwa simu. Binti yake mkubwa aliposikia kwamba mama anakwenda nchi jirani kujitolea kufundisha watoto wa shule kunawa mikono, alishika kiuno.

"Mama, umefanya kazi miaka thelathini na tano. Si upumzike?"

"Nimepumzika mpaka nimechoka, mwanangu."

Akafunga mizigo: nguo chache, viatu vya kutembelea, na miche ya sabuni begi zima, kana kwamba huko aendako sabuni haijafika.

Alipokewa na Mwalimu Mkuu, mtu mnene, mcheshi, mwenye masharubu mazito aliyoyachana kwa kitana kidogo cha mfukoni. "Karibu sana, mama," alisema. "Ila nisikufiche, watoto wangu kunawa wanajua. Kufikia Jumatano utakuwa umemaliza, uanze kutembeatembea."

Saa ya chakula Nesi alisimama pembeni akaona jinsi wanavyojua. Ndoo moja, watoto mia mbili. Kila mmoja alichovya ncha za vidole, akazipangusa kwenye sare, akaenda zake. Waliofika mwisho walichovya kwenye maji yenye rangi ya chai.

Alianza na darasa la pili. Humo mlikuwa na msichana mmoja ambaye hata mwalimu wao alimwita Kidomo. Nesi alieleza habari za vijidudu nusu saa nzima, kwa michoro na kwa sauti ya kutisha. Lafudhi yake ya kigeni iliwachekesha, lakini walisikiliza. Kisha Kidomo akanyoosha mkono.

"Bibi Nesi, hivyo vijidudu havionekani?"

"Havionekani kabisa."

"Sasa wewe umevionea wapi?"

Darasa zima likaangua kicheko. Nesi alicheka pamoja nao, ila swali lilimganda kichwani mpaka alipofika chumba alichopangiwa, nyuma ya maktaba. Mtoto alikuwa na haki. Anaambiwa aogope kitu ambacho hajawahi kukiona, na anayemwambia ni mgeni anayetamka maneno kwa namna ya kuchekesha.

Kesho yake asubuhi alimwomba mwalimu wa darasa la pili chaki za buluu. Akazisaga, akachanganya na mafuta ya kujipaka, akajipaka kiganja cha kulia. Wakakubaliana wasimwambie mtu. Kengele ilipokaribia, Nesi akasimama getini na kumpa mkono kila aliyeingia, mkubwa kwa mdogo, huku akitabasamu kama bibi harusi. Kiganja kikianza kupauka, anajipaka tena.

Kufikia mapumziko, shule ilikuwa imechafuka. Buluu kwenye madaftari, buluu kwenye vitasa, buluu kwenye masikio na puani. Mvulana mmoja alikuwa na vidole vitano kamili mgongoni na hakujua ni vya nani. Kidomo alikuwa na ulimi wa buluu.

"Hiyo rangi ilikuwa mkononi mwangu tu," Nesi aliwaambia darasa la pili. "Sasa nendeni mkaone imefika wapi. Kila mnapoiona, jueni vijidudu navyo vingefika hapo."

Watoto walitawanyika kama askari wa upelelezi. Wakaikuta kwenye kamba ya kengele, kwenye ndoo, kwenye mpira. Halafu sauti ya Kidomo ikasikika kutoka jikoni.

"Bibi Nesi! Iko kwenye sufuria!"

Nesi alikimbia, mwalimu nyuma yake. Kwenye mfuniko wa sufuria ya nyama kulikuwa na alama nne za vidole, na nyingine kwenye upawa. Mpishi, mama mwembamba mwenye kauli fupi, aliinua mikono yake juu. Ilikuwa safi.

"Mimi leo sijashikana mkono na mtu. Nimeingia kwa mlango wa nyuma, na hapa nimetoka mara moja tu, kufuata kuni."

"Basi nani kafunua?" aliuliza Kidomo.

Hapo Mwalimu Mkuu akatokea kuuliza kelele ni za nini. Watoto wote wakamgeukia. Masharubu yake, upande wa kulia, yalikuwa buluu tupu, na katikati ya ile buluu palikuwa na tone la mchuzi.

"Mwalimu Mkuu," alisema Kidomo taratibu, kwa huruma, "vijidudu vimekukalia mdomoni."

Alijipapasa, akatazama vidole, akatazama sufuria. "Nilikuwa... naonja chumvi."

"Chumvi unaionja kwa kutafuna?" aliuliza Mpishi. "Muhula mzima nyama inapungua, muhula mzima nafukuza paka wa watu kwa ufagio! Kumbe paka mwenyewe ana ofisi!"

Watoto walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Nesi aliogopa kidogo. Mgeni wa siku tatu amemuumbua mwenyeji wake mbele ya wanafunzi. Lakini Mwalimu Mkuu alikuwa muungwana kuliko tumbo lake. Kwanza alibana midomo, halafu mabega yakaanza kumtikisika, kisha akacheka mpaka machozi yakamtoka.

"Nisamehe, Mpishi," alisema. "Na huyo paka nitamwomba radhi mwenyewe. Haya, Bibi Nesi, nifundishe."

Akanawa hadharani, maji yakimiminwa kwa kopo. Kidomo akakagua. "Kucha bado." Akarudia. "Katikati ya vidole." Akarudia tena, jasho likimtoka.

Wiki haikuisha kabla ya mapipa matatu yenye bomba kufungwa, moja mlangoni mwa jiko, mawili vyooni. Ile ndoo akapewa mtunza bustani. Katika mwezi wake wa pili pale shuleni, mwalimu wa darasa la pili alimwonyesha Nesi daftari la mahudhurio: siku nane mfululizo hakuna mtoto aliyerudishwa nyumbani kwa tumbo. Nesi aliipitisha kalamu kwenye mistari, akahesabu upya, kwa sababu miaka yote hospitalini alizoea kuwaona watoto wakishaugua.

Mchana huo Mpishi alimvutia kigoda jikoni, akampakulia mpaka sahani ikafurika.

"Kula, dada," alisema. "Siku hizi nyama inatosha."