Valvu ya Tisa

Kila siku ya kazi, ifikapo saa nne kasorobo asubuhi, Mama Presha alifuta vumbi la kibodi kwa kitambaa, akabonyeza kitufe cha kompyuta iliyokuwa kwenye kona ya kituo cha pampu, kisha akasimama kuisubiri. Kompyuta ile ilichukua dakika kumi na moja kuamka. Ilianza kwa kukohoa, ikaguna, halafu kioo chake kilichobinuka kama tumbo la chungu kikatoa maandishi ya kijani juu ya weusi. Haikuwa na picha wala kipanya, ilitaka kuandikiwa. Wafanyakazi waliiita Babu, na jina hilo halikuwa la dharau.

Yeye mwenyewe jina lake alipewa na haohao. Wafanyakazi wa zamani walisema ni kwa sababu kazi yake ilikuwa kutazama presha ya maji kwenye mageji. Waliokuja karibuni walidhani ni kwa sababu hakuweza kukaa kitini dakika mbili. Alikwenda dirishani, akarudi mlangoni, akaenda tena dirishani, kama kuku atakaye kutaga. Hata chai aliinywa akitembea.

Saa nne kamili aliandika amri ya kufungua valvu ya tisa. Babu alifikiri, akakubali. Upande wa pili wa mji, katika mtaa wa bondeni, maji yakaanza kutoka katika koki mia mbili na kumi na mbili.

Mtaa wa bondeni haukuwepo. Ulibomolewa miaka miwili nyuma, kwa siku mbili na matingatinga matatu, na mkandarasi alifukua hata mabomba ya ardhini akayauza kama chuma chakavu. Kilichobaki ni uwanja wa udongo uliozungushiwa mabati. Lakini taarifa ya bomoabomoa ilitumwa idara ya maji kwa barua pepe, na Babu hakuwa na njia ya kupokea barua pepe. Alifungwa pale kituoni zamani, wakati nyumba za bondeni zilipoandikwa ndani yake moja moja kwa mkono, na hakuna aliyemwambia kwamba zimeondoka. Basi aliendelea kupeleka maji, na maji yaliendelea kufika. Koki zilijitokeza hewani palepale zilipokuwa: za jikoni usawa wa kiuno, za bafuni juu ya kichwa, za uani karibu na ardhi. Saa sita zilikauka na kuondoka.

Wenye nyumba walirudi na ndoo. Siku ya kwanza walibishana na mlinzi wa uwanja kuhusu pa kupita, mlinzi akalegeza bati moja, mambo yakaisha. Fundi cherehani, ambaye nyumba yake ilikuwa ya ghorofa, ilimbidi kuja na ngazi, maana koki yake ilikuwa juu. Wenzake walimtania kwamba mwenye ghorofa hata ikianguka hashuki.

Dada yake Mama Presha alikuwa na koki ya jikoni iliyofungwa kitambaa cha bluu shingoni, kwa sababu ilivuja tangu mumewe akiwa hai. Siku hizi aliishi sebuleni kwa mdogo wake. Sebule yenyewe ilikuwa ndogo, na kila baada ya siku chache dada aliyapanga upya makochi yafanane na ya nyumba yake, ikawa watu wanakwenda chooni kwa ubavu. Mama Presha aligonga goti, akagonga na la pili. Mtu aliyebomolewa nyumba humgombezi kwa ajili ya kochi.

Jumatatu moja fundi wa kompyuta alikuja kutoka makao makuu akiwa na mashine mpya ndani ya boksi. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mjamzito wa miezi minane, na alitaka kumaliza kazi ile kabla ya likizo ya uzazi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Kaa."

"Nikikaa sinyanyuki."

Wakasimama wote wawili mbele ya Babu.

"Huyu tumeachana kidogo tu kwa umri," fundi alisema. "Waliomtengeneza waliacha kumhudumia nikiwa shule ya msingi. Akiugua, hakuna tena anayetengeneza dawa yake."

"Hajawahi kuugua."

"Kwa sababu hatoki nje. Siku mtu akimchomekea flashi yenye virusi, kwisha. Kuna mji mitambo yake yote ilifungwa hivyo siku tisa. Hospitali ilikuwa inaletewa maji kwa mikokoteni."

"Jungu kuu halikosi ukoko."

"Halikosi, mama. Lakini diski yake imechoka, isikilize inavyosaga. Siku moja utabonyeza hapo asiamke, na mji mzima umemtegemea yeye."

Hata Mama Presha alikuwa ameisikia diski ikisaga tangu mwaka uliopita, na kila asubuhi zile dakika kumi na moja alizipitisha roho ikiwa juu juu. "Na hiyo mpya?" aliuliza.

"Inaamka kwa sekunde tisa."

"Kipya kinyemi."

"Ingawa kidonda, najua," fundi alisema, akafungua boksi.

Alihamisha orodha za mitaa siku nzima. Mashine mpya ilizipokea zote isipokuwa moja. Kwa kila nyumba ilitaka namba ya kiwanja, na namba ilizichukua yenyewe kutoka idara ya ardhi, ambako bondeni hapakuwa na nyumba hata moja. Fundi aliandika orodha ile mara tatu, ikakataliwa mara tatu. Kwa kuwa alikuwa mtu wa kazi yake, kesho yake saa nne alikwenda bondeni na geji mkononi. Alipima presha kwenye koki yenye kitambaa cha bluu, akaona ni nzuri kuliko ya hospitali. Akaonja maji. Kisha akaandika katika ripoti: "Maji yapo. Nyumba hazipo. Mfumo mpya hautambui hali hii."

Meneja wa idara ya maji aliisoma ripoti akaiona iko sawa. Alichotaka ni saini ya mwendesha pampu kwenye fomu ya kuzima mfumo wa zamani, kabla ya Ijumaa jioni.

Siku zile Mama Presha alizunguka kituo mpaka mlinzi wa pale akamwuliza kama amepoteza kitu. Alitia chumvi kwenye chai, akainywa yote ndipo akagundua. Nyumbani alifungua mdomo mara tatu kumweleza dada yake, na mara zote tatu akaishia kumwuliza kama amekula. Alhamisi aliomba ruhusa, akamfuata bondeni.

Dada alikuwa amesimama peke yake jikoni kwake, katikati ya uwanja, ndoo chini ya koki.

"Dada, kesho wanataka niweke saini. Babu azimwe."

"Na maji?"

"Hayatakuja."

Dada aliitazama ndoo hadi ikajaa. Akaisogeza, akaweka nyingine. "Basi weka," alisema.

"Umenisikia lakini?"

"Nimekusikia. Kwako nina maji ya kuoga na ya kunywa. Unadhani huku nafuata maji? Kila nikienda kwa afisa ardhi kuuliza viwanja walivyotuahidi, ananiambia, mama, maji si unapata? Sasa unalalamika nini? Miaka miwili, mdogo wangu. Tunachota, tunasalimiana, tunacheka na ngazi ya fundi cherehani, tunaondoka. Haya maji ndiyo yanayotubembeleza. Yazime, tuone kama tutalala."

Mama Presha alikuwa amejiandaa kumbembeleza mtu anayelia. Hakuna aliyelia. Akabeba ndoo moja, dada akabeba nyingine.

Ijumaa aliweka saini. Saini ilitoka kama ya mtu mwingine, na meneja akamrudishia fomu airudie.

Jumatatu mashine mpya iliamka kwa sekunde tisa. Maji yalikwenda kila mahali panapojulikana, bila kuguna. Bondeni saa nne ilifika, ikapita. Watu walisubiri na ndoo zao, kila mmoja mahali pake. Saa nne na nusu dada alipindua ndoo yake na kuikung'uta, ingawa ilikuwa kavu, akasema, "Twendeni."

Walikata mji kwa miguu hadi ofisi ya ardhi. Walijaza ukumbi na ngazi za jengo, ndoo tupu zikigongana. Fundi cherehani aliingia na ngazi yake, maana hakuwa na pa kuiacha. Mama Presha, ambaye mashine mpya haikumhitaji tena kwa lolote, aliacha kituo akawafuata.

Afisa ardhi alikuwa mtu mpole. Alimpa dada kiti, akamsikiliza hadi mwisho.

"Miaka miwili," dada alisema, "kila mtu hapa amefungua koki ya nyumba yake. Tumezitambua. Hakuna aliyekosea ya mwenzake. Koki ina nyumba yake, bwana. Tupeni viwanja mlivyoahidi."

"Mama, maji ni ushahidi wa bomba. Si ushahidi wa nyumba."

"Na hilo bomba linakwenda wapi, kama si nyumbani kwa mtu?"

"Hilo ni swali la idara ya maji," afisa alisema, akanyanyua simu.

Alizungumza na meneja dakika tano. Alipoiweka chini aliwatangazia kwamba maji ya bondeni yatarudi kesho, saa zilezile. Kisha akafungua faili lao, akaandika "Lalamiko limeshughulikiwa," akagonga muhuri, akalifungia kabatini. Watu wa nyuma walipiga makofi. Wa katikati walishukuru. Walianza kuondoka wawili wawili, wakisemezana nani atatangulia kesho, na mwisho ukumbini walibaki dada, Mama Presha, na mfagizi aliyetaka kupita.

"Nilidhani watakaa," dada alisema.

Mama Presha alimshika mkono. Kwa mara ya kwanza siku ile hakwenda huku wala kule.

Jumanne fundi wa kompyuta alirudi, safari hii akakubali kiti. Alikata waya uliomuunganisha Babu na valvu nyingine zote, akaziba kwa gundi tundu lolote ambalo mtu angeweza kuchomeka kitu, akatoa nakala mbili za diski yake.

"Kwa kazi nyingine usimguse," alimwambia Mama Presha. "Kwa hii moja anafaa, maana hakuna mwingine anayeijua." Jumatano alianza likizo.

Halmashauri nayo ilipigilia kibao kwenye mabati: Maji, saa nne hadi saa sita, ingia kwa utaratibu. Viwanja havikutajwa tena.

Baada ya mwezi mmoja wajenzi waliingia bondeni. Siku hiyo Mama Presha alikuwa amekwenda kumsaidia dada yake kubeba. Mwashi mmoja aliwakaribia na ndoo mbili, viatu vimejaa saruji.

"Shikamooni. Naomba maji kidogo, mama."

"Marahaba," dada alisema. "Ya nini?"

"Zege. Tunasimamisha ukuta hapa." Akaonyesha kwa kidole, kutoka walipokuwa hadi kwenye mabati.

Dada alikifuata kidole chake kwa macho. "Hapo ni chumbani kwangu."

"Ndiyo, mama," mwashi alisema. Asubuhi ile alikuwa ameshaambiwa hivyo na watu wengine wanne.

Dada aliondoa ndoo yake chini ya koki. "Chota," alisema. "Ila zunguka upitie mlangoni. Usinikatizie chumbani."

Mwashi akazunguka, akapitia mlangoni, akajaza ndoo zote mbili, akashukuru, akarudi kuchanganya zege.