Wanawake Walioshusha Kikanisa

Aurelia alikuwa akinyunyiza maji kwenye sakafu ya kikanisa cha Likomba ili vumbi lisipae atakapofagia, Leopold alipoingia na mgeni. Leopold alikuwa mdogo wake, na ndiye mwenyekiti wa kigango. Mgeni aliitwa Florian, mnunuzi wa kahawa kutoka Mbinga mjini. Aliangalia boriti, akaangalia vigae, kisha akagonga ukuta kwa vifundo vya vidole.

"Pakavu," akasema. "Panafaa."

"Panafaa nini?" Aurelia akauliza.

Leopold alikohoa kwanza. "Dada, kamati imepitisha. Kampuni ya Bwana Florian itahifadhi kahawa humu, na sisi tutapata bati za kanisa jipya. Misa tutasali darasani kwa muda."

"Na Bwana Yesu mnampeleka wapi?"

"Ekaristi imeshapelekwa parokiani."

Aurelia alichukua ufagio. Alifagia mpaka mlangoni, kwa kuwa ilikuwa Jumamosi, akatoka.

Mwaka ule serikali ilikuwa imewaruhusu wanunuzi binafsi. Maghala ya ushirika yalifungwa, makufuli yakaota kutu, na kila kampuni iliyopanda milima ya Umatengo ilitafuta paa. Kikanisa cha Likomba kilikuwa na paa zuri. Kilijengwa kabla ya vita vya kwanza vya Wajerumani, juu kabisa ya kilima, mahali ambapo mtu aliye kwenye boti Ziwa Nyasa angekiona. Kuta zake zilikuwa na unene wa urefu wa mkono. Mbele palikuwa na matao matatu, na madirisha yalikuwa membamba, yamechongoka juu kama viganja viwili vinavyosali. Kwenye baadhi ya matofali alama za vidole zilikuwa bado zinaonekana. Watoto walifundishwa kwamba padre ndiye aliyekijenga.

Magunia yakaingia. Jumapili watu walisali darasani, chini ya jedwali la kuzidisha, na kwaya ikaimba kwa sauti ndogo kama watu waliokaa nyumba ya wenyewe.

Jumatatu, jua lilipopanda, wanawake wafu walikuja kwa njia ya bondeni. Walipita katikati ya mashamba ya ngolo, yale yenye mashimo kwenye miteremko, kila mmoja na kata ya majani ya mgomba kichwani, wakiwasalimu waliokuwa wakipalilia, nao waliokuwa wakipalilia wakaitika. Aliyetangulia alikuwa Hedwiga, mama yao Aurelia na Leopold. Alikufa akiwa kikongwe, wakati wa vijiji vya ujamaa, lakini alikuwa amerudi na umri wake wa siku za kubeba matofali ya kikanisa, msichana ambaye hajaolewa.

Aurelia aliweka jembe chini, akapiga goti.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umezeeka."

"Nimezeeka, mama. Karibuni togwa."

"Tutakunywa tukishuka. Sasa tumefuata matofali yetu."

Kule juu, Leopold alisimama mlangoni akiwa amevaa koti lake la mikutano.

"Shikamoo, mama. Ila kuna mkataba."

"Mkataba wa nini?"

"Wa jengo."

"Basi jengo baki nalo," Hedwiga akasema. "Sisi tunachukua matofali. Pisha."

Florian alikuwa akipima kahawa ya mkulima mmoja. Aliuliza kama magunia yake yangeguswa. Aliambiwa hayataguswa. Akaridhika, akaendelea kupima.

Wanawake walianzia juu, kwenye vigae. Kila mmoja alilijua tofali lake kwa alama za vidole, akalitoa ukutani kama mtu anayechukua chungu chake kisimani, akalitwika, akashuka. Nguzo zilipokwisha, matao yalibaki hewani, yakisubiri. Florian alifunga turubai chini ya matao hayo, juu ya magunia, kwa sababu mawingu yalikuwa yakikusanyika upande wa ziwa.

Hedwiga alimuuliza bintiye wayaweke wapi.

Aurelia alikuwa na kipande kimoja cha ardhi tambarare, kando ya mto, karibu na shimo la zamani la udongo. Kilikuwa na mibuni aliyoipanda na marehemu mumewe. Enzi za ushirika, anayeng'oa mbuni aliitwa ofisini. Sasa hakuna ofisi iliyouliza. Aliukata mbuni wa kwanza, akakaa chini, akaushika mti ule uliolala, akalia. Kisha akasimama, akaukata wa pili. Majirani waliposikia panga walikuja na mapanga yao, na jioni ilipoingia shamba lilikuwa kiwanja.

"Sisi tuliomba lijengwe hapahapa tangu mwanzo," Hedwiga alisema walipokuwa wakinywa togwa. "Udongo uko hapa, maji yapo, tanuru lilikuwa pale. Mapadre wakasema hapana, lionekane kutoka ziwani. Ndiyo tukapandisha. Aliyetaka ubatizo alibeba."

Kando yake alikaa msichana mwembamba ambaye Aurelia hakumfahamu.

"Huyu ni Vitalia," Hedwiga akasema. "Yeye aliteleza na tofali pale kwenye kona ya njia, mvua za kwanza. Jengo lilikuwa bado kidogo tu kwisha, na ubatizo ulikuwa unangoja jengo. Wakamzika nje ya uzio wa makaburi."

"Jina hilo nilikuwa nimelichagua mwenyewe," Vitalia akasema. "Hawakuwahi kunipa."

Aurelia alimwongezea togwa.

Kesho yake Leopold alisimama juu, pale njia inapoanza kushuka, akitazama mama yake anavyopita na kurudi, jasho likimtiririka shingoni. Alikuwa akijifanya kuhesabu magunia. Hedwiga akapita tena na tofali kichwani. Leopold akavua koti, akalitundika kwenye mti, akasuka kata. Tofali la kwanza lilimwangukia mguuni. Wanawake wakacheka, naye akacheka, akaliokota. Baada ya hapo kijiji chote kilibeba. Walio hai walibeba mbao za mlango, kengele na altare, wafu wakabeba matofali. Matao yalichukuliwa mwisho, na yalikubali kushuka.

Kikanisa kilisimama kando ya mto kabla ya mavuno kwisha, kuta zilezile, madirisha yaleyale. Kule juu Florian aliendelea na mkataba wake kwenye sakafu tupu, chini ya turubai.

Paroko alikuja kubariki. Alizunguka kuta, akapapasa matofali, akasema kazi ni nzuri. Aurelia alimwendea na Vitalia.

"Baba, huyu hajabatizwa."

Padre alimtazama Vitalia kwa huruma. "Sakramenti ni za walio hai, mama."

"Alipokuwa hai mlimwambia angoje jengo," Hedwiga akasema.

"Si mimi niliyesema."

"Najua si wewe."

"Sheria hainiruhusu," padre akasema, na macho yake yalikuwa na maji. Alimuuliza Vitalia kama angependa kusimama mlangoni, mahali pa wanaojiandaa kubatizwa. Vitalia akasema angependa.

Kengele ikapigwa, ikasikika mpaka Ngumbo, kule ziwani. Watu walitoka Litembo kwa miguu, wengine wakapanda kutoka pwani ya ziwa na usipa, samaki wadogo waliokaushwa, kwenye vikapu. Hedwiga na wenzake walikaa benchi za mbele. Leopold alikaa nyuma yao bila koti. Watu walipiga vigelegele hata padre akalazimika kungoja ili aanze.

Wimbo wa kuingia ulipoanza, Vitalia alikuwa kizingitini, vidole vya miguu vikigusa jiwe la mlango bila kulivuka. Aliimba. Sauti yake ilikuwa juu kuliko zote na haikukosea, ikaingia chini ya tao la kati, ikajaza kikanisa. Mwalimu wa kwaya alisikiliza kidogo, akageuka kuelekea mlangoni, na kwaya nzima ikamfuata Vitalia.